Mbona wenzangu umewachora sura?

Mwaka 2016 nilikuwa mwaka wa pili chuoni, Dar es Salaam, na darasa letu lilikuwa na kundi la WhatsApp lenye watu arobaini na ushee. Mchoraji wa kundi nilikuwa mimi. Mtu akifanya kituko asubuhi, mchana nimeshamtundika humo kwa mtindo wa manga, yaani vibonzo vya Kijapani: tone kubwa la jasho pembeni mwa kichwa, mshipa wa hasira umemtoka kwenye paji la uso, macho yamegeuka nukta mbili. Watu walicheka mpaka wanatuma sauti badala ya maandishi. Kile kicheko nilikipenda mno, na nilikuwa tayari kukitafuta popote.

Siku moja nikaamua kuchora darasa zima kwenye ukurasa mmoja. Wavulana niliwachora kila mmoja na tabia yake: mmoja amelala mdomo wazi, mwingine anamkwepa mama ntilie anayemdai, mwingine amenyoosha kidole kabla mwalimu hajamaliza swali. Wasichana wengi nao niliwachora hivyo hivyo. Mmoja tu nilimchora kwa namna nyingine. Alikuwa dada ambaye umbo lake lilisemwa sana kwenye vijiwe vya wavulana, na nikaona hapo ndipo kicheko kikubwa kilipo. Nikamchora kwa nyuma, kuanzia mabegani kushuka chini, kiuno cha nyigu, mengine yote nikayakuza, na pembeni nikaweka wavulana watatu damu zinawachuruzika puani. Nikatuma saa tatu usiku. Kundi likalipuka.

Kesho yake alinisubiri kwenye ngazi za maktaba. Hakufoka. Alifungua simu, akaikuza ile picha kwa vidole viwili, akaanza kuipitia kama mtu anayehakiki orodha ya majina. "Huyu ni fulani. Huyu ni fulani, hata kovu la kwenye nyusi umelikumbuka. Mbona wenzangu umewachora sura?"

Nikamwambia ni utani tu. Tena nikajitetea kwamba mimi ni Mpare na yeye Mchaga, watani tangu enzi za mababu.

"Utani naujua kaka, nimekulia humo," akasema. "Mtani ukimtania, naye anakurudishia. Hapa nikurudishie kwa mdomo upi?"

Jioni ile alijitoa kwenye kundi. Ratiba zikibadilika, kazi za vikundi zikigawiwa, yote yalitangazwa humo humo, kwa hiyo muhula mzima alikuwa akipata habari kwa kuchelewa, kwa kuulizia. Nililiona hilo kwa macho yangu na bado ilinichukua muda kukiri kwamba chanzo ni mchoro wangu.

Swali lake lilinirudisha kwenye kurasa nilizozisoma na kuziiga tangu utotoni. Nilitaka kujua nilijifunza wapi kumchora mtu bila kichwa na kuona ni jambo la kuchekesha.

Nilikulia Tanga. Mtaani kwetu kulikuwa na kibanda umiza, na mwenye kibanda alikuwa na desturi ya kutuwekea watoto Naruto, katuni ya Kijapani iliyotokana na manga, Jumamosi asubuhi, kwenye diski zilizopigwa kopi mpaka rangi zimepauka. Nikitoka pale nakimbilia daftari langu la kaunta kuchora nilichokiona kabla hakijanitoka. Humo ndimo nilipokutana na mzee Jiraiya. Ni shujaa, mmoja wa wapiganaji wakubwa wa hadithi ile, mwalimu wa Naruto, na mwisho wake unaliza. Lakini mara ya kwanza kumwona, yuko kwenye bafu la wanawake la maji moto, amejificha, anapiga chabo. Akikamatwa anasema anakusanya maarifa ya kuandikia riwaya zake. Sisi watoto tulikuwa tunagaagaa kwa kicheko. Hata mwandishi wa Naruto, Masashi Kishimoto, aliiweka ndani ya hadithi gharama ya tabia hiyo: mzee mwenyewe anasimulia kwamba mwenzake Tsunade alipomfuma siku moja, alimvunja mikono na mbavu, nusura afe. Na hilo nalo tulilichekea.

Nilipozirudia kurasa za aina hiyo nikiwa na penseli mkononi, niliona jinsi zinavyofanya kazi. Kisanduku cha kwanza ni jicho. Cha pili ni tundu la ukuta au upenyo wa majani. Cha tatu ni mwili, umekatwa shingoni kwa juu na mapajani kwa chini. Cha nne ni ngumi, na mchunguliaji anarushwa angani hadi anakuwa nyota. Unapofunua ukurasa unaofuata, uvimbe umekwisha, wote wanakula tambi. Ukichora visanduku hivyo mwenyewe, mkono unakuambia kitu ambacho jicho la msomaji halisemi: kile cha tatu huwezi kukichora ukiwa umesimama mahali pengine popote isipokuwa kwenye lile tundu. Mchunguliaji anapigwa, msomaji hapigwi. Yeye ameshaona, na kisanduku cha nne kimemlipia deni.

Damu ya puani nayo ni alama ya kazi hiyo hiyo. Katika manga, damu ikitoka puani kwa mwanamume maana yake ametamani. Ni alama nzuri kiufundi, kwa kuwa inaligeuza jambo zito kuwa kichekesho kwa mistari miwili ya wino. Lakini angalia nani anatokwa na damu. Damu inachorwa usoni mwa anayetazama. Yeye ana pua, ana macho, ana aibu, ana hali. Anayetazamwa hana hata hicho kisanduku kimoja cha kuonyesha kwamba amejua. Nilikuwa nimeifuata kanuni hiyo barabara kwenye ule mchoro wangu, wavulana watatu wenye pua na dada mmoja asiye na kichwa, bila mtu yeyote kunifundisha kwa maneno.

Kuna neno la Kijapani wanalolitumia kwa picha za namna hii, "sabisu". Dukani kwao sabisu ni kile mwenye duka anachokuongezea bure. Sisi tunaita nyongeza: umenunua nyanya fungu moja, mama anakutupia mbili juu. Tangu nilipolijua neno hilo nimelifikiria sana, kwa sababu nyongeza hutoka kwenye mali ya muuzaji. Kwenye ukurasa wa manga nyongeza ni mwili wa mhusika, na wasomaji wamezoeshwa kuisubiri.

Kuizoea kuna historia. Mwaka 1968 jarida la manga za wavulana la Shonen Jump lilipoanza, mchoraji Go Nagai aliingiza humo hadithi ya vichekesho iitwayo Harenchi Gakuen, iliyofanya utovu wa adabu wa shuleni kuwa kiini cha mzaha. Vyama vya wazazi na walimu Japani vilipinga kwa nguvu, hadithi ikaendelea hadi 1972, na wavulana wakainunua. Sitaki kumfanya Nagai mzizi wa kila kitu. Ila baada ya hapo mlango ulikuwa wazi, na majarida ya wavulana yakajua kwamba kicheko na chabo vikifungwa pamoja vinauza.

Katika miaka ya themanini mtindo huo ulipata mtambo wake kamili. City Hunter ya Tsukasa Hojo, iliyotoka kati ya 1985 na 1991, ni hadithi ya Ryo Saeba, mlinzi na mpiga risasi hodari wa Shinjuku, Tokyo, ambaye kila mteja wa kike akiingia anapoteza akili. Msaidizi wake, Kaori, anamtwanga kwa nyundo kubwa iliyoandikwa uzito wake ubavuni: tani 100. Nimeicheka nyundo ile miaka mingi, na bado nakubali kwamba imechorwa na fundi. Lakini siku hizi naona kazi inayofanya. Nyundo ikishaahidiwa, Ryo anaweza kufanya lolote. Na Kaori, ambaye anampenda na hawezi kumwambia, amebaki na nyundo tu ya kusemea. Visanduku vinavyoniuma katika hadithi ile ni vile ambavyo nyundo iko chini na yeye amesimama na uso wake.

Nilichokihitaji nilikikuta kwenye meza ya vitabu vya mitumba, Posta. Juzuu mbili za Maison Ikkoku, za Kiingereza, moja haina jalada la nyuma. Mwenye meza alizichanganya na vitabu vya watoto vya kupaka rangi. Zilizobaki nilizisoma kwenye simu, polepole, kwa miezi mingi. Nimezisoma tena mara mbili tangu hapo.

Hadithi hii ni ya Rumiko Takahashi, mwanamke aliyezaliwa Niigata mwaka 1957, na ilitoka kwenye jarida la wanaume wakubwa, Big Comic Spirits, kuanzia 1980 hadi 1987. Kijana Yusaku Godai amefeli mtihani wa kuingia chuo kikuu, anaishi chumba namba 5 kwenye nyumba chakavu ya wapangaji mjini Tokyo. Majirani zake ni walevi wasio na haya wanaofanyia sherehe chumbani kwake usiku wa kuamkia mtihani. Anafungasha ahame. Anapofika mlangoni anaingia msimamizi mpya wa nyumba, Kyoko Otonashi, mjane mdogo, na begi linarudi juu.

Takahashi anaujua mzaha wa chabo vizuri sana. Amemweka Yotsuya chumba namba 4, mtu wa ajabu asiyejulikana kazi yake, ambaye ametoboa ukuta kati ya chumba chake na cha Godai na kupitia hapo anaingia kula chakula cha mwenzake. Niliposoma mara ya kwanza nilifikiri, haya, tundu limeshatobolewa, sasa kisanduku cha tatu kinakuja. Mara nyingi tundu lile lilipotumika, aliyeonewa alikuwa Godai. Kijana mwenye ndoto za usiku na barua za siri ndiye asiye na pa kujificha. Anapomuwazia Kyoko barabarani anajigonga kwenye nguzo ya umeme, na tunamcheka yeye na uso wake uliovimba. Kicheko kimehamishiwa kwa mwenye tamaa, na kinakaa kwake.

Halafu kuna Akemi wa chumba namba 6. Anafanya kazi baa, na akiwa nyumbani anapita kwenye korido na chumba cha Godai amevaa gauni la kulalia jepesi, glasi mkononi, sigara mdomoni. Kwa mwandishi mwingine huyu angekuwa nyongeza ya kila wiki. Takahashi anamchora akiwa na uso wa mtu aliyechoka na kazi, mwenye maoni, anayesema ukweli ambao wenzake wanaumung'unya. Hakuna anayetokwa na damu puani. Hapo nilielewa kwamba tatizo halikuwa kitambaa. Mchoro wangu wa kundini ungeweza kuwa na nguo nzito ya baridi na bado ungekuwa ule ule, maana nilikuwa nimemwondoa mwenye mwili.

Na Kyoko. Anavaa aproni yenye picha ya kifaranga na maandishi piyo piyo, anafagia mbele ya nyumba kila asubuhi. Godai anamtazama, nasi tunamtazama pamoja naye, kwa sababu hii ni hadithi ya mapenzi na mapenzi yasiyo na tamaa ni barua ya ofisini. Lakini Godai akishapita, mwandishi anabaki na Kyoko. Kuna visanduku, visivyo na neno hata moja, vya uso wake akiwa peke yake: amekasirika kwa wivu ambao hataki kuukubali, au ameshika ufagio na mkono umesimama. Ni kama mwanamke aliyekwisha kutoka eda na moyo bado umo ndani. Mbwa wa nyumbani anaitwa Soichiro, jina la marehemu mumewe, kwa hiyo akimwita mbwa sauti yake inapita nyumba nzima na Godai anajua ameshindwa tena. Kichekesho na msiba viko kwenye mwito mmoja. Hata majina ya watu Takahashi ameyachezea: kwa Kijapani Ichinose, jirani mwingine, ana moja ndani ya jina lake, Yotsuya ana nne, Godai ana tano, Akemi, ambaye jina lake la ukoo ni Roppongi, ana sita. Otonashi, jina la Kyoko, halina namba, lina neno la kutokuwepo.

Ukurasa niliouchora zaidi ya mara kumi kujifunzia uko karibu na mwisho. Godai amekwenda kaburini kwa Soichiro peke yake. Anaongea na marehemu, anamwambia atamchukua Kyoko pamoja na yeye marehemu aliyemo ndani ya moyo wake. Hajui kwamba Kyoko amefika, amesimama nyuma yake, anasikia. Nilipofika hapo niliweka penseli chini. Mtu anayetazama bila kuonekana, safari hii, ni mwanamke. Anachokiona ni mgongo wa mwanamume anayesema kweli akidhani hakuna mtu. Na tunauona uso wake akiona.

Takahashi huyo huyo ndiye wa Ranma ½, ya 1987 hadi 1996, ya kijana wa sanaa za mapigano anayegeuka msichana akimwagiwa maji baridi na kurudi mvulana kwa maji moto. Ina mizaha ambayo leo ningeiacha, ukiwemo wa mzee mwizi wa nguo za ndani, na wahusika wake ni wanafunzi, jambo linalonipa shida katika manga nyingi za vichekesho. Ila wazo lake la msingi nalistahi: mpiganaji anayemdharau Ranma mvulana anampenda hadi kuchanganyikiwa Ranma msichana, hajui ni mtu yule yule, na Ranma analazimika kukimbia kutazamwa ambako jana hakukujua.

Miaka hiyo ya kusoma nilikwenda pia upande ambao mvulana wa Tanga hakutakiwa kwenda, manga za wasichana. Kaka zangu wangenicheka. Wakati Nagai anachora vichekesho vyake, kundi la wanawake waliozaliwa karibu na 1949, mwaka wa 24 wa enzi ya Showa kwa kalenda ya Kijapani, akiwemo Moto Hagio, walikuwa wanaligeuza jengo lote la ukurasa. Mipaka ya visanduku inayeyuka, maua yanajaa nyuma ya mtu, na jicho linakuwa kubwa kama dirisha lenye nyota ndani. Nilikuwa nikidharau macho yale. Nilipojaribu kuyachora nikaona ugumu wake: jicho la ukubwa huo haliwezi kuwa tupu, lazima uamue mwenyewe anawaza nini sekunde hiyo. Ukilichora bila kuamua, linaonekana la samaki.

Nisiwapambe kupita kiasi. Manga za mapenzi zina dhambi zake, tena zinavaa manukato. Kuna ile picha ya mwanamume kumbana msichana ukutani, kupiga kiganja ukutani karibu na sikio lake na kumwinamia, wanaiita kabedon. Mwaka 2014 neno hilo lilivuma Japani nzima, likaingia kwenye matangazo ya biashara. Ukurasani msichana anaona haya, mapigo ya moyo yanaandikwa pembeni. Nimemsikia dada yangu mdogo akinisimulia alivyobanwa hivyo na kondakta kwenye mlango wa daladala Tandika, na hakuna ua hata moja lililochanua nyuma yake. Alichokumbuka ni harufu ya kwapa la yule mtu na kwamba abiria walicheka.

Japani wenyewe wanalijua hilo kwa uchungu wao. Treni zao zina mabehewa ya wanawake tu kwa sababu ya mikono ya wanaume kwenye msongamano, na mwaka 2023 walipitisha sheria ya nchi nzima inayofanya kosa la jinai kumpiga mtu picha za siri za kumchungulia. Wanawake walioishi ndani ya mizaha hiyo walisema, na wengine walisema kwa kalamu za kuchorea.

Mmoja ninayempenda ni Hiromu Arakawa, binti wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Hokkaido, aliyechukua jina la kalamu la kiume. Fullmetal Alchemist yake, 2001 hadi 2010, ilitoka kwenye jarida la wavulana na ina kila kitu walichokitaka wavulana: vita, vichekesho, mapenzi yanayokawia. Winry, fundi wa viungo vya chuma, naye anampiga Edward, kijana shujaa wa hadithi, kichwani, kama Kaori na nyundo yake, ila yeye anatumia spana. Anampiga kwa sababu amerudi na mkono wa chuma umevunjika, mkono alioutengeneza yeye kwa kukesha. Nilicheka kama nilivyomcheka Ryo, kicheko cha tumboni. Tofauti ni kwamba hasira ya Winry ina kazi yake, fundi amekasirikia kifaa chake. Nikimtazama pale namwona anafanya nini duniani.

Huku kwetu nako chabo tunayo, wala hatukuiagiza Japani. Vibonzo vya magazeti ya udaku nilivyoviona saluni na kwenye vibanda vya kunyolea miaka yangu yote vina mwanamke yule yule: anapita, wowowo limejaza kisanduku, wanaume wamekodoa macho, mmoja ameanguka na baiskeli. Mwaka 2019 nilipewa kazi ya kuchora bango la vibonzo kuhusu kuweka akiba. Mteja aliupenda mchoro, kisha akaniambia, "Huyu mama muuza vitumbua muongeze mzigo kidogo kwa nyuma, watu wasimame waangalie." Nilimwomba anipe siku moja. Nikamrudishia mama yule yule, hakuongezeka popote, ila nilimchora akiwa amemkazia macho mteja anayetaka kumkopa, mkono mmoja kiunoni, kitumbua kimoja kinaelea kati yao kwenye kijiko na hakitui. Mteja alicheka kwanza, ndipo akakumbuka alichokuwa ameagiza. Bango lilipita. Lingekataliwa ningelichora hivyo hivyo, na nisingelipwa, na kodi ya nyumba ilikuwa imekaribia.

Dada yule nilimwomba radhi mwaka wa mwisho, tukiwa kwenye foleni ya kurudisha vitabu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nilisema machache, kwamba nilikosea, kwamba utani niliousema haukuwa utani. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Nimekusikia." Hakusema amenisamehe na sikuwa na haki ya kumdai. Foleni ikasogea.

Sasa Jumamosi nafundisha kuchora vijana sita, wengi wamemaliza kidato cha nne wanasubiri maisha, kwenye baraza la nyumba moja Temeke. Wote wanachora manga. Mwezi uliopita mmoja wao, kijana wa miaka ishirini mwenye mkono mwepesi kuliko wangu wa umri huo, alileta ukurasa: wanaume wawili bombani, wana sura nzuri sana, na mwanamke anapita na ndoo kichwani. Ndoo imechorwa, maji yanamwagika kwa ustadi. Kutoka ndoo hadi mabegani kuna puto la maneno la wale wanaume, limefunika kila kitu.

Nikamwambia ahamishe puto.

"Ticha, nikilihamisha itabidi nimchore uso."

"Mchore."

Akachukua raba, akafuta puto. Akakaa na lile tupu. Akachora macho yanayotazama chini, akayafuta. Akachora yanayowatazama wale wanaume, akaangalia kidogo, akayafuta hayo nayo, karatasi ikaanza kuchakaa pale mahali. Wenzake walikuwa wameshaanza kukusanya vitu vyao.

"Ticha," akaniuliza, penseli imesimama hewani, "kwani huyu anakwenda wapi na hayo maji?"